Muulize Bwana Mifugo: Nyama kavu ya kuwalisha mbwa wa msako

Barua za mbwa hunifikia kwa nadra. Watu huniuliza habari za ng'ombe, mbuzi na kuku. Za mbwa wanazionea haya. Mwezi huu zimekuja tatu kwa pamoja, na ya kwanza nimeisoma mara mbili, maana aliyeiandika ameuliza jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea nilipokuwa kijana kazini, na kosa langu likaondoka na roho ya mnyama. Nitaijibu kwa urefu. Wenye hizo nyengine mbili wanistahamilie.

*Assalamu alaykum, Bwana Mifugo. Mimi ni msasi wa hapa Konde, Pemba. Tuna kikundi cha watu sita na mbwa tisa. Wakulima hutuita nguruwe wanapoingia kwenye mihogo na viazi, na msako mwengine hutuchukua siku mbili au tatu, tunalala huko huko. Nyama tunayowachukulia mbwa siku ya pili inanuka. Kijana wangu aliyeko Uingereza amenionyesha kwenye simu mbwa wanaopanda milima na mabwana zao wakilishwa nyama mbichi iliyokaushwa kwa baridi. Nyepesi kama pamba, inakaa muda mrefu bila friji, unaitia maji tu inarudi kuwa nyama. Mimi nina friza ya vinywaji dukani. Naweza kuitengeneza mwenyewe? Na ni kweli kwamba nyama mbichi ndiyo chakula khasa cha mbwa? — Msasi, Konde*

Waalaykum salaam, Bwana Msasi. Nianze na friza yako, kwa sababu jibu lake ni jepesi: haitoshi.

Bila shaka umewahi kuona naftalini, vile vidonge vyeupe tunavyoweka kabatini kuzuia wadudu wasile nguo. Unakiweka kidonge kizima, baada ya miezi unafungua kabati, kidonge hakipo na nguo hazikulowa. Hakikuyeyuka. Kimetoka kwenye ugumu kikawa hewa moja kwa moja. Barafu nayo huweza kufanya hivyo hivyo, lakini ili ifanye upesi na mpaka ndani, kuna sharti moja: ipunguziwe uzito wa hewa unaoikandamiza. Hapa pwani hewa inatubana kwa milibari 1,013 hivi. Mashine aliyokusudia kijana wako inaigandisha nyama mpaka nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, kisha pampu inafyonza hewa mpaka ibaki chini ya milibari 6. Hapo barafu haipati njia ya kuwa maji. Mashine inaitia joto kidogo kidogo, barafu inaruka ikawa mvuke, na mvuke unakwenda kunasa kwenye ukuta wa baridi kali uliomo ndani ya mashine hiyo. Kinachobaki ni nyama yenye umbo lake lile lile, ila imejaa vitundu pale palipokuwa na barafu, mfano wa sifongo. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana ukiitia maji inayanywa upesi.

Friza yako ina baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au karibu na hapo, lakini pampu haina. Nyama utakayoiacha humo itakauka kingo tu, ile rangi ya kijivu unayoiona kwenye kuku aliyesahauliwa, na ndani itabaki na maji yake yote. Ukiitoa itayeyuka, na utakuwa umerudi ulikoanza.

Mashine zenyewe za nyumbani zipo, zinauzwa Marekani kwa maelfu ya dola, na duru moja ya nyama huchukua baina ya saa 24 na 40. Sisi Pemba tangu 2010 tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na aliyeishi enzi za majenereta anaijua tofauti yake. Lakini umeme ukikatika saa ya kumi na tano ya kazi hiyo, barafu inayeyuka ndani ya nyama iliyokauka nusu, na unalolikuta asubuhi halifai kulishwa kiumbe. Kwa mbwa tisa na wakulima wanaokulipeni kwa mikungu ya ndizi, sioni hesabu yake.

Sasa tuje kwenye neno "mbichi". Hapa ndipo ninapokuomba unisikilize.

Kazi yangu kwa miaka 31 ilikuwa kuchanja, kuanzia Micheweni mpaka Mkoani, boksi la barafu nyuma ya baiskeli, baadaye nyuma ya pikipiki. Kichupa cha chanjo ya kideri cha kuku ukikishika juani utaona kitakoni kidonge cheupe, kimeshikana mfano wa chokaa iliyomwagika ikakauka. Ukikigonga kwa ukucha kinacheza. Unaingiza maji yake kwa sindano, na kabla hujahesabu kumi kidonge hakionekani, yamebaki maji yenye ukungu kidogo. Kile kidonge ni virusi hai. Vimekaushwa kwa baridi, kwa njia hii hii unayoniuliza, ili visife. Vimelala, maji yanaviamsha, unamtonesha kuku jichoni, na mwili wake unajifunza kupigana. Chanjo ya surua wanayopigwa watoto wetu ni hivyo hivyo, na ile ya kifua kikuu anayopigwa mtoto mchanga begani ni bakteria hai waliokaushwa kwa baridi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia plazma ya damu ilikaushwa namna hii ipelekwe kwa majeruhi.

Basi fikiri. Njia ambayo wataalamu wanaitumia kuvihifadhi vijidudu viwe hai mpaka vimfikie mtoto wa Micheweni, itawezaje kuwa njia ya kuviua vijidudu vya nyama? Haiviui. Inapunguza baadhi, na waliobaki wanalala. Nyama iliyoingia na salmonela itatoka na salmonela, na listeria, na ile E. koli ya kinyesi iliyogusa kisu cha mchinjaji. Utaitia maji chini ya mti Makangale, nao wataamka pamoja na nyama. Baadhi ya viwanda vya ng'ambo huibana nyama kwa shinikizo kubwa mno kabla ya kuikausha, kwa ajili ya kuviua hivyo vijidudu. Wewe na mimi shinikizo hilo hatuna. Tulichonacho ni moto.

Mwaka wangu wa nne kazini niliwashauri wasasi wa upande wa Makangale wakate nyama ya mbuzi mbichi iwe mishipi, waitundike juu ya moshi wa jiko. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba watu wa nchi kavu hufanya hivyo. Ilikuwa masika, hewa yenyewe imelowa, unaanika kanga asubuhi na magharibi bado ina ubichi. Siku ya pili nyama ilionekana tayari: nje nyeusi, ngumu kama ngozi ya kiatu. Hakuna aliyeipasua. Walipokwenda porini wakawapa mbwa, na jike mmoja aliyeitwa Tabu, mbwa wao wa kunusa, akala kuliko wenzake kwa sababu ndiye aliyependwa. Usiku akatapika, asubuhi akaharisha damu. Nilipofika siku ya tatu alikuwa amelazwa juu ya gunia chini ya mwembe, fizi zake nyeupe, hata kichwa hanyanyui. Nilichukua mshipi mmoja uliobaki nikauchana kwa kisu. Ndani ulikuwa mwekundu, unanata, na una ile harufu tamu ya nyama iliyoanza kuoza. Tabu alikufa kabla ya adhuhuri. Mzee mwenye mbwa hakunilaumu. Aliniomba tu nimshikie jembe wakati anavuka kichaka, akachimba mwenyewe.

Kwa hiyo ninapokwambia pika kwanza, kisha kausha, sisemi kwa kusoma tu.

Umeuliza kama nyama mbichi ndiyo chakula chake khasa. Mbwa ametokana na mbwa mwitu, ni kweli, lakini amekaa na binadamu maelfu ya miaka akila makombo yetu, na mwili wake umebadilika. Wataalamu wamekuta mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Mbwa wako wamekulia muhogo, viazi na vichwa vya samaki, na wanamkimbiza nguruwe kutwa. Kupika kunapunguza baadhi ya vitamini, khasa ile B1, lakini nyama haipotezi protini yake kwa kuchemshwa. Mbwa wa safari ya siku tatu hapungukiwi na kitu ambacho nyama mbichi ingemwongezea. Na tusiisahau nyumba: mbwa aliyekula salmonela anaweza asiugue kabisa, lakini akaitoa kwa kinyesi na kwa mate, na uani kuna mtoto anayetambaa.

Sasa tuipike. Mbwa wetu wa msako huwa na kilo 15 hivi. Siku ya kukimbia anahitaji karibu kilokalori 1,200, na hizo unazipata kwenye gramu 300 za chakula kikavu kilicho nusu nyama, nusu wanga. Gramu 150 za nyama kavu zinatokana na gramu 600 hivi za nyama mbichi, maana robo tatu ya nyama ni maji. Mbwa tisa, basi, ni karibu kilo tano na nusu za nyama mbichi kwa siku. Usinunue sarara. Nunua mapafu, moyo, nyama ya mashavu, vipande vya shingoni. Pafu ndilo nilipendalo mimi: ni rahisi, halina mafuta, na linakauka vizuri kuliko nyama yoyote, kwa sababu lenyewe limeumbwa na vitundu. Lakini libonyeze lote kwa vidole kabla hujalikata. Ukikuta uvimbe mviringo wenye maji safi ndani, ule ni ugonjwa wa tegu. Mbwa akila mbichi anamfuga tegu huyo tumboni, kisha mayai yake yanakwenda kwa watu. Pafu kama hilo lizike, tena kwa kina. Ini weka kidogo, lisizidi sehemu moja ya kumi ya nyama yote. Vitamini A yake ikizidi ni madhara.

Ondoa mafuta yote unayoyaona. Mafuta hayakauki, yanachacha, na nyama iliyochacha inamharishia mbwa hata kama haina kijidudu. Kata vipande vya unene wa kidole, chemsha, na maji yakisharudi kuchemka hesabu dakika 20. Nyama inatakiwa ifike nyuzi 71 katikati, kuku 74, na dakika hizo zinatosha na kubaki. Ikishapoa, ikate tena iwe myembamba kama sarafu mbili zilizobebana. Mchuzi usimwage, utapikia viazi vitamu au mchele, kisha navyo utavianika. Muhogo pia unafaa, lakini uive sawasawa, kwani muhogo mbichi una sumu yake.

Chumvi usitie. Kitunguu maji usitie, na thomu usitie, hata punje. Hivi vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na madhara huonekana baada ya siku kadhaa, ndiyo maana watu hawaviunganishi. Najua porini mnapika wali na mchuzi wenu na mabaki mnawamwagia mbwa. Acheni. Mifupa iliyopikwa nayo msiwape. Inapasuka iwe na ncha na kuchoma utumbo.

Kuanika ni kaskazi, Januari na Februari, jua kali na upepo mkavu kidogo. Tandaza kwenye wavu ulionyanyuliwa juu ya ardhi, upepo upite chini na juu, na ufunike kwa chandarua kikuukuu, maana nzi mmoja anatosha kuharibu kazi yote. Magharibi ingiza ndani, umande usiikute. Siku mbili, pengine tatu. Masika usijaribu jua kabisa. Tia kwenye oveni kwa moto mdogo, mlango uuachie upenyo mvuke utoke.

Namna ya kujua imekauka, chukua kipande kinene kuliko vyote, si kile chembamba kinachokufurahisha. Kipinde. Kikipinda kama mkanda, bado. Kikikatika kwa mlio, kama kaimati ya jana iliyokauka, tazama palipokatika: pawe na rangi moja kutoka nje mpaka ndani, pasiwe na doa la giza katikati. Kisha tia konzi moja katika chupa ya kioo, funga, iache usiku kucha mahali penye joto. Asubuhi ukikuta jasho kwenye kioo, hata tone moja, nyama yote inarudi juani. Lau tungelifanya jaribio hili la chupa, Tabu asingelikufa.

Nyama hii haitakuwa nyepesi kama ile ya simu, wala haitakaa miaka. Kwa hewa yetu nakuhesabia wiki tatu katika ndoo yenye kifuniko kinachobana, na ukiwa na friza, basi hapo ndipo friza yako inapopata kazi: hifadhi humo mpaka siku ya safari. Ifungie ya kila mbwa kwa kila mlo mfuko wake, usiwe unaingiza mkono wenye jasho katika ndoo moja siku tatu mfululizo.

Porini usimpe kavu. Nyama kavu ikifika tumboni inavuta maji ya mwili, na mbwa wa msako maji ndiyo uhai wake. Hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Sehemu moja ya chakula kwa sehemu mbili au tatu za maji, iache nusu saa, kisha mpe. Na maji ya kunywa mbali. Mbwa wa kilo 15 akiwa amelala tu uani anataka karibu robo tatu ya lita hadi lita nzima kwa siku, akiwa mbioni ni mara mbili au tatu ya hiyo. Ukihesabu uzito wa kubeba, anza na madumu ya maji, nyama ifuate. Asubuhi mpe kidogo sana, mlo mkubwa uwe jioni baada ya kupumzika, kwani tumbo lililojaa na mbio haviendi pamoja. Ukimwona anahema bila kusita, ulimi umekuwa mwekundu sana, anayumba, msako kwake umekwisha: kivulini, mwagie maji mwili mzima, mpepee.

Usishawishike na dagaa wa sokoni kwa sababu tu ni wakavu na rahisi. Dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kama unamjua mvuvi akuanikie wasio na chumvi baada ya kuwachemsha, ni chakula kizuri mno. Ng'onda na papa mkavu ni chumvi tupu, waachie binadamu. Na ukiwa pwani ya Vumawimbi chunga mbwa wasiokote bunju aliyetupwa na wavuvi; sumu yake haitoki kwa jua wala kwa moto.

Na nguruwe mwenyewe? Najua mila ni kuwaachia mbwa mzoga pale pale. Sitakuzuia usiwape malipo yao, lakini nyama ya nguruwe mwitu ikiliwa mbichi inaweza kuwa na minyoo ya misuli. Nyinyi hamtaki kuipika, na nawaelewa. Basi nguruwe akishauawa na mbwa wakapumzika, walisheni chakula chenu kwanza, wafike kwenye mzoga wakiwa wameshiba, na muwaondoe mapema. Mbwa anayeshiba kila jioni ana faida nyengine: haachi nyayo za nguruwe akamfuata paa. Nina imani msako wenu ni wa mashambani, si ndani ya hifadhi ya Ngezi.

*Bwana Mifugo, shikamoo. Mume wangu ana mbwa wawili wa kulinda shamba la mikarafuu na anawapikia jikoni kwangu, kwenye jiko langu. Nimemwambia aache, anasema chakula ni nyama ya ng'ombe ya halali, kuna ubaya gani. Nakosa raha hata ya kula. — Bi wa Kengeja*

Marahaba, bibi yangu. Mimi si sheikh, na mambo ya fiqhi waulize wenyewe. Nitakwambia yanayofanyika nyumbani kwangu. Mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwindia ameruhusiwa, hilo halina mzozo. Katika madhehebu yetu ya Shafi najisi nzito iko kwa mbwa mwenyewe na mate yake. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sufuria iliyopika nyama ya ng'ombe na mbwa hakuigusa haikupata kitu. Katika hilo mume wako ana hoja.

Lakini raha yako nayo ni hoja, tena kubwa. Nimpe yeye kazi: anunue sufuria yake, mwiko wake na kisu chake, avitie alama ya rangi nyekundu mpinini, na ajenge mafiga matatu nje chini ya mnazi. Chakula akimimine kwenye bakuli la mbwa kwa upawa, upawa usiguse bakuli. Bakuli libaki huko huko shambani, lisivuke kizingiti chako. Na baada ya kukata nyama mbichi aoshe mikono na ubao kwa sabuni na maji mengi kabla hajagusa kitu chengine. Kwa hilo nyama ya kulisha mbwa na nyama ya pilau ni sawasawa.

Umuulize pia kama mbwa hao wamechanjwa kichaa, na lini. Mwaka 2016 kichaa kilirudi Pemba baada ya kutulia, na kilichokizima ni chanjo. Siku gari la mifugo linapopita kwenye shehia, mbwa wa mikarafuu hawapo, wako shamba, ndiyo maana wanakosa. Awalete kwa kamba.

*Kaka, nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Paje. Mgeni mmoja alikuwa na mbwa, ameondoka ameacha mfuko wa chakula cha nyama mbichi iliyokaushwa kwa baridi, umeandikwa mwisho wake ni mwakani. Umefunguliwa wiki mbili sasa. Vipande vilikuwa vinavunjika kama biskuti, siku hizi ni laini ukivibonyeza. Kuna watoto wa mbwa pwani wana njaa, naweza kuwapa? — Kijana wa Paje*

Mdogo wangu, huruma yako nzuri, lakini usiwape. Tarehe ya kwenye mfuko ni ya mfuko uliofungwa. Ule ulaini unaoubonyeza ni maji ya hewa ya bahari. Chakula kile ni sifongo, kimeyanywa kidogo kidogo wiki mbili nzima, na vijidudu vyake vimeshaamka. Watoto wa mbwa ndio wa mwisho kupewa kitu kama hicho, pamoja na jike mwenye mimba. Chukua wali mweupe na samaki wa kuchemsha, toa miba yote, ponda, wape kidogo kidogo mara nne kwa siku, na maji safi kwenye kifuu.

Mgeni mwengine akija na chakula cha aina hiyo, mwambie ahamishie kwenye chombo kinachobana siku ile ile ya kuufungua mfuko, na alichokwisha kukitia maji kisikae nje zaidi ya nusu saa kwa joto hili. Wewe ukikishika, osha mikono kabla hujarudi jikoni kwa wageni.

Mfuko uliobaki uchimbie shimo. Usiutupe jaani, maana watoto hao wa mbwa huko jaani ndiko wanakokula.